Semina ya maadili ya maripota, Malindi: nimelipa 4,500 zangu, haya ndo maoni yangu

Nyota 3 kati ya 5.

Naanza na hesabu manake najua wengi mtasoma hapa juu tu mkaenda zenu. Siku tatu, Jumatano mpaka Ijumaa, hoteli moja ya njia ya Casuarina, shilingi 4,500 unatuma kwa M-Pesa kabla hujaingia, chai ya saa nne na chakula cha mchana vimo ndani, malazi ni juu yako. Nimelipa kwa mfuko wangu, sikutumwa na mtu wala sikuitwa, na hilo neno la mfuko wangu lishikeni, tutalirudia huko mbele. Waandaaji siwataji jina, walio kwenye kazi hii Lamu na Malindi washajua semina gani na ambao hawajui wakiuliza wataambiwa.

Mie ni ripota wa kulipwa kwa stori, nakaa Lamu, huu mwaka wa kumi na moja. Sikuisomea. Nilikuwa napiga picha za harusi Langoni, siku moja nikauza picha ya mashindano ya majahazi kwa gazeti, pesa ikaingia kwa simu, basi nikajiona nami nimekuwa. Maadili ya kazi nimeyajua kwa kukaripiwa, yaani unakosea, edita anakupigia simu anakufokea, ndo unajua kumbe ile haifai. Kwa hiyo nilipoona tangazo la semina ya "namna ya kufanya uamuzi" si ile ya kusomewa sheria tu nikasema hii naenda, nikavuka boti mpaka Mokowe alfajiri ya Jumanne nikapanda basi, Witu, Garsen, vizuizi vya polisi shuka panda toa kitambulisho, mnaijua hiyo njia sina haja kuwaeleza.

Nimalize mabaya madogo kwanza. Chumba kizuri lakini eyasii ni ya kugandisha samaki, bebeni sweta. Soketi mbili kwa watu ishirini na kitu, wote na laptopu, ikabidi kaka mmoja wa Maweni aende kununua ekstensheni kwa pesa yake. Siku ya kwanza ratiba ilipita juu ya adhuhuri kama vile hawajui wako Malindi, tukasema, siku ya pili wakarekebisha na Ijumaa tukamaliza mapema watu wakawahi msikiti, hapo nawapa haki yao. Chakula pilau siku zote tatu. Siku ya pili nikatoroka na wenzangu wawili tukala viazi karai na ukwaju kando ya barabara, na wallahi tulijadili maadili pale kwenye benchi kuliko asubuhi nzima ndani.

Baya kubwa kidogo ni lugha. Slaidi zote Kiingereza, makaratasi yote Kiingereza, na zaidi ya nusu ya waliokaa mle ndani ni watu wa redio wanaotangaza kwa Kiswahili na Kigiriama kutoka asubuhi mpaka usiku. Mwalimu mwenyewe anaongea Kiswahili safi tu cha Nairobi, hana neno, lakini ukiangalia ukutani unasoma kitu kingine. Tuliambiwa nakala ya Kiswahili iko njiani.

Sasa mwalimu. Huyu ndo ile nyota ya tatu, bila yeye ningewapa mbili. Aliwahi kuwa edita, hajifanyi malaika, kila mfano anaanza na "mimi nilikosea hivi". Hakuja kutuambia lipi halali lipi haramu, alikuja na kitu kinaitwa boksi la Potter, la profesa mmoja wa Harvard, Ralph Potter, unachora mraba unaugawa mara nne. La kwanza unaandika yaliyotokea, yaani yale unayoyajua kwa uhakika si unayodhani. La pili unaandika unachokithamini hapo, ukweli, huruma, heshima ya maiti, uhuru wa kazi yako, vyovyote. La tatu kanuni gani inakuongoza. La nne, unamwajibikia nani? Afu ndo unaamua.

Kwenye lile la tatu akatuletea wanafalsafa, Aristotle na wenzake, Aristotle anasema jambo zuri liko katikati ya mawili yaliyozidi, na mzee mmoja wa redio aliyekaa nyuma, ustadhi kabisa, akasema bora ya mambo ni ya katikati, hili tumelisikia tangu chuoni, madrasa yaani, tukiwa na mbao za kuandikia, kumbe tungelipa shilingi ngapi kulisikia tena. Watu walicheka mpaka mwalimu mwenyewe. Lakini hakuliacha lipite, akauliza, haya, katikati ya kuandika jina la mtu na kutoandika ni wapi? Kimya. Ndo utamu wa huyu bwana, kila ukijibu haraka anakurudisha.

Siku ya kwanza mchana tukaingia kisa cha Mpeketoni, ule mji wa kwetu Lamu ulioshambuliwa. Hapa mie nilikuwa naogopa manake wageni wakija kuzungumza Mpeketoni mbele ya watu wa Lamu mara nyingi wanaharibu. Juni 2014, usiku wa tarehe 15 na usiku uliofuata, watu karibu 60 wameuawa, al-Shabaab wanasema ni sisi, Rais wa wakati ule Uhuru Kenyatta anasema hapana ni mitandao ya kisiasa ya hapa hapa. Wewe ripota umesimama pale moshi bado unafuka, unaandika nani kafanya? Mwaka huo ndo nilioanza kazi. Nakumbuka nilivyokuwa naandika chochote anachosema mwenye cheo kana kwamba nimekiona kwa macho yangu. Mwalimu akasema boksi la kwanza hapo lina vitu vichache sana, idadi ya maiti, majina yaliyothibitishwa, nyumba zilizochomwa, na mengine yote ni "fulani anasema", na kila "anasema" lazima iwe na mwenyewe. Halafu kabila. Dada mmoja akasema ukiandika kabila la waliouawa siku ya kwanza unaweza kuwasha moto kijiji cha pili, mwingine akamjibu usipoandika watu wataenda kuyatafuta kwenye WhatsApp na huko yameongezwa chumvi ya gunia zima. Walibishana nusu saa hivi na mwalimu akawaacha. Mwisho akasema kabila au dini liandikwe pale ambapo msomaji hawezi kuelewa tukio bila hilo, si kwa kuwa unalijua. Sikubaliani naye moja kwa moja, Lamu kila tukio kuna mtu atakwambia huwezi kuelewa bila kabila, lakini ni kipimo bora kuliko nilichokuwa nacho, ambacho kilikuwa hakuna.

Kuna mahali alipita haraka na sawa tu, ile picha ya Kevin Carter ya Sudan 1993 ya mtoto na tumbusi, kila semina lazima waiweke, tushaichoka. Ningependa amtumie Mohamed Amin, huyu wetu, mzaliwa wa Nairobi, picha zake za njaa ya Ethiopia 1984 zilizoonyeshwa BBC ndo zilizoamsha dunia ikachanga pesa, na zile nyuso nazo sidhani ziliulizwa ruhusa, nyingi jina hatulijui mpaka leo. Sasa alikosea ama hakukosea? Hilo ndo swali gumu kuliko la tumbusi, nikamwambia, akasema ni kweli akaandika kwenye daftari lake, tuone.

Shambulizi la hoteli ya Dusit pia tulizungumza. Januari 2019 Nairobi, watu 21 wameuawa, New York Times wakaweka picha ya maiti wamelala kwenye meza za mgahawa, Wakenya wakawaka, Baraza la Vyombo vya Habari likaandika barua waiondoe, gazeti likajitetea. Swali la mwalimu lilikuwa fupi, je ingekuwa mkahawa wa New York wangeiweka? Mama mmoja wa redio, nitamtaja sana huyu manake ndo aliyekuwa akili ya darasa, akageuza meza, akauliza na sie je, tungeiweka ingekuwa maiti wa msitu wa Boni huku Lamu badala ya Westlands kwenye ile hoteli? Hapo kila mtu akaangalia simu yake.

Siku ya pili ndo siku ya kulipia. Asubuhi alitupa hadithi ya Janet Cooke, 1980, Washington Post, akaandika stori ya mtoto wa miaka minane anayedungwa unga, yaani heroini, Jimmy, mji mzima ukamtafuta huyo mtoto asaidiwe, 1981 stori ikashinda tuzo ya Pulitzer, kumbe hakuna Jimmy, kamtunga, tuzo ikarudishwa. Sote tukatikisa vichwa, lo, uongo mbaya. Akatuacha tutikise. Afu akatupa zoezi, umetumwa upige picha foleni ya kliniki ya methadone hapa hapa Malindi, vijana wanaojaribu kuacha unga, edita anataka nyuso, anasema bila nyuso msomaji hajali. Uso mmoja unamjua, ni mtoto wa jirani wa shangazi yako.

Hapa ndo utaona tofauti ya kufundisha maadili Nairobi na kuyafundisha kwetu. Nairobi unaandika leo kesho unapotea kwa umati. Lamu kichochoro kimoja, punda akipita unabana ukutani, na yule uliyemwandika ndo amebana ukuta wa pili. Ustadhi wa redio akasimama akasema sisi tumelelewa na sitara, aibu ya mwenzio unaifunika, na kazi hii inatutaka tufunue, sasa boksi la pili niweke nini. Mwalimu hakulijua neno kwa uzito wake, akaliandika ubaoni, SITARA, akauliza inamfunika nani. Mama wa redio akamwambia, "Sitara ni ya mnyonge. Aliyekula pesa ya dispensari hana sitara, yule ana kinga, na kinga ndo tunayotakiwa kuitoboa." Nimekwenda semina nyingi za bure na hiyo ni sentensi moja iliyonilipia nauli. Kwa yule kijana wa foleni tukakubaliana mikono, migongo, vikombe vya dawa, na anayetaka kuonyesha uso aonyeshe baada ya kuelezwa picha itaenda wapi na itakaa huko miaka mingapi, si kuulizwa tu "naweza?" halafu chwa.

Baada ya chai akauliza nani ana kisa chake mwenyewe. Mie sikutaka. Nikajikuta nimesimama.

2023, wakati wa Shakahola, ule msitu ambako wafuasi wa mhubiri walifunga kula mpaka kufa. Mnakumbuka, Aprili walianza kufukua msituni, na miili ilipita 400 mpaka mwisho, jamaa wanakuja hospitali ya Malindi kutoka kila pembe kutoa DNA, Msalaba Mwekundu wameweka meza ya kusaidia kutafuta watu. Nilikuwa pale nje siku kadhaa. Kuna mzee alikaa kwenye ukingo wa saruji amekunja sweta ya shule mapajani, ya mtoto mdogo, anailainisha kwa kiganja kama mtu anayepiga pasi. Nikampiga picha kutoka mbali, hakuniona. Ilikuwa picha nzuri, nasema ukweli, mkono wangu ulijua ni nzuri kabla ya kichwa. Edita akaitaka hapo hapo, nikatuma, ikatoka, uso wote. Siku tatu nne baadaye kijana ananipigia, sijui namba yangu kaipata wapi, hakunitukana hata, akasema yule ni baba yangu. Mama nyumbani tulikuwa hatujamwambia. Tulimwambia dada na watoto wako Mombasa wanatafuta kazi. Picha imemfika kwa simu ya jirani.

Darasa lilikaa kimya ile ya kusikia eyasii. Mwalimu hakuniambia ulikosea wala pole. Akanipa kalamu, njoo uchore boksi lako la siku ile, si la leo. Boksi la nne nikaandika msomaji, edita, nikasita nikaandika na mfuko wangu. Akasema angalia nani hayumo. Mzee hayumo. Nilimwona muda wote ule, lenzi yote imejaa yeye, na kwenye boksi hayumo.

Kanuni zenyewe za wakati ule zilikuwa kwenye jedwali la Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013, kulikuwa na kipengele kabisa cha kutowaingilia watu kwenye msiba na mshtuko, kwamba maulizo yafanywe kwa upole na busara. Nilikuwa nacho kwenye simu kile kitabu tangu zamani, PDF. Alichonifanyia mwalimu ni kunionyesha pale ningeshika wapi, akasema piga, kisha nenda kaa naye, muonyeshe kwenye kioo, muulize nani nyumbani bado hajui. Hilo swali la nani nyumbani bado hajui sijaliona kwenye sheria yoyote na tangu siku ile naliuliza kila msiba.

Sasa ndo nikamuuliza mie swali langu, na hapa ndo nyota zinaanza kuanguka. Nikasema mwalimu, ningekaa naye nikamuuliza akasema hapana, mwenzangu aliyesimama mita tano angetuma yake, mie siku hiyo nisingelipwa. Stori ikitoka ndo unalipwa, isipotoka umelipa tuktuk na bando bure. Maadili ya aliyeajiriwa na maadili ya anayelipwa kwa kichwa cha stori ni boksi moja kweli? Wenzangu nusu ya chumba wakaitikia kama vile niko kwenye minbari. Mwalimu akasema ni swali zito tutalizungumza wakati wa chai ya jioni. Chai ya jioni ikaja na mandazi yakaja, swali halikuja. Siku ya tatu nikalirudia, akasema hilo ni la wenye vyombo. Sawa, ni la wenye vyombo, lakini wenye vyombo hawakukaa kwenye kile chumba baridi, tulikaa sie. Na bahasha ndo hivo hivo, tulifundishwa dakika arubaini kwamba mwanasiasa akikupa "nauli" baada ya mkutano usichukue, na ni kweli usichukue, lakini hakuna aliyetaja kwamba kuna vyumba vya habari vinajua kabisa ripota wao anaishi kwa zile nauli ndo maana hawaongezi malipo. Kufundisha mtu asile haramu bila kumuuliza kama ana halali mezani, mie naona ni kazi nusu.

Ijumaa sasa. Kabla ya vyeti anaingia mratibu, si mwalimu, huyu ni kijana wa ofisi na koti lake, anatushukuru, anasema awamu ya pili ni 6,000, na atakayeandika maoni mazuri mtandaoni, nyota tano, apige picha ya skrini amtumie, atapunguziwa nusu. Wallahi nasema lililotokea. Siku ya tatu ya semina ya maadili, dakika ishirini baada ya somo la bahasha! Mwalimu akaangalia viatu vyake. Mama wa redio akanyanyua mkono kwa adabu kabisa, akasema, "Samahani mwanangu, hii tuiweke boksi gani?"

Na tukaiweka. Hiyo ndo ilikuwa nusu saa bora ya siku zote tatu na haikuwa kwenye ratiba. Yaliyotokea, tumeahidiwa 3,000 kwa maoni. Tunachokithamini, hapo wengine wakasema kwa haki yao kwamba semina ni nzuri kweli na wangeisifia bure, sasa kuna ubaya gani kupokea. Nami nilikuwa huko huko kwa muda, 3,000 si mchezo, ni stori mbili tatu. Ustadhi akauliza, na atakayesoma maoni yako akituma 4,500 zake kutoka Kipini, atajua ulilipwa? Hajui. Basi angalau umwambie. Ukimwambia, mratibu atakubali ile picha ya skrini? Kijana wa watu jasho linamtoka kwenye eyasii ile, akasema yeye ametumwa tu. Naye katumwa tu, tukamhurumia, kila mtu mle ndani ashawahi kutumwa tu.

Kwa hiyo mnaosoma hapa jueni sikutuma picha ya skrini kwa mtu na nyota ni tatu. Waliotuma wapo, siwalaumu, lakini mkiona nyota tano zenye maneno matamu kama halua ya Lamu mwezi huu huu, ulizeni.

Kama mtu ataniuliza aende, namwambia nenda awamu ya kwanza, hasa wewe uliyeanza kwa kamera kama mie, na watu wa redio nendeni wengi ili walazimike kubadilisha lugha. Usilale pale hotelini, Maweni na Barani kuna vyumba vya bei ya binadamu na tuktuk ni karibu. Nenda na kisa chako mwenyewe, kile usichopenda kukisimulia. Awamu ya pili bado sijui, 6,000 ni nyingi kwa kitu ambacho sijaambiwa kama swali la malipo litakuwemo.

Ile nakala ya Kiswahili, walisema itatufikia kwa barua pepe wiki ile ile. Leo wiki ya tano. Ikija nitarudi hapa nihariri niongeze nusu nyota, na ninaiongeza bure.